Rose Bowl: nimpe Ohio State -2.5 au niende na Oregon?

Mdigo_Ughaibuni: Wakuu, za sikukuu? Tarehe 1 Januari 2025 Oregon na Ohio State wanakutana Pasadena kwenye Rose Bowl, robo fainali ya vyuo ya futiboli ya Kimarekani. Nimepata bonasi kazini, nataka mkeka mmoja tu wa maana. Oregon kacheza 13 kashinda 13, lakini Ohio State ndiye kapewa hendikapu ya -2.5. Mnanishauri vipi?

Kinyozi: Mkuu, umeleta nusu habari. Dau kiasi gani? Uko jimbo gani? Unataka hendikapu, mshindi tu, au jumla ya pointi?

Wa_Eldoret: Huyu ashaamua, anatafuta wa kumwitikia amina. Mimi niko na Oregon. Walipatana kwetu Eugene Oktoba tukashinda 32-31. Watu wa Ohio wanajifanya wamesahau.

Mdigo_Ughaibuni: Niko Columbus, Ohio. Dau tuliache kwanza. Nilifikiria pia kumbetia Jeremiah Smith wa Ohio State afunge tachidauni (lile bao la pointi 6).

Binti_Kilwa: La Smith sahau kaka. Ohio walipiga marufuku mwaka huu wa 2024 kubetia mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Na hiyo -2.5 inataka washinde kwa pointi 3 au zaidi. Wakishinda kwa 1 mkeka umechanika. Halafu kawaida unaweka dola 110 upate faida ya 100, kwa hiyo ukipatia nusu ya mikeka bado uko hasara. Inabidi uvuke asilimia 52.

Baba_Zawadi_KC: Mimi nina kidonda cha bowl, hizi mechi za vyuo za mwisho wa msimu. Msimu uliopita kuna timu, jina nalihifadhi, ilipewa pointi nyingi nikasema hata wakifungwa watafungwa kiungwana. Naishi Missouri, na huku kubeti kwa simu kulikuwa bado hakujaruhusiwa (kura ya ndiyo imepita Novemba hii ya 2024, tena kwa kura chache mno). Nikavuka State Line Road kuingia Kansas, ambako inaruhusiwa, nikaegesha kituo cha mafuta. Programu ya kubeti inaniambia bado niko Missouri! Nasogeza gari, inakataa, nasogeza tena, mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza nina shida gani. Ikaja kukubali. Narudi nyumbani, nawasha TV, mtangazaji anasoma orodha ya wasiocheza: huyu anajiandaa na NFL, ligi ya kulipwa, yule kahamia chuo kingine, kotabeki, yule mrusha mpira mkuu, naye hayupo. Uwanjani wamebaki vijana wa benchi. Mapumziko hayajafika nimeshazima. Usiweke hela kwenye bowl kabla hujajua nani anavaa jezi.

Wa_Eldoret: Pole mzee, lakini hizo ni bowl za kupiga picha. Hii ni ya ubingwa, nani atakaa nje? Uliza Ohio State gani inakuja: ile iliyotwanga Tennessee 42-17 juzi, ama ile Michigan waliyoifunga 13-10 kwake nyumbani ikiwa imepewa hendikapu ya karibu -20?

Mdigo_Ughaibuni: Michigan na Ohio State ni Simba na Yanga, fomu haina kazi pale. Na hiyo 32-31 yenu, si mliingiza watu 12 uwanjani mwishoni badala ya 11?

Wa_Eldoret: Tuliingiza, tukalipa adhabu ya yadi 5, sekunde 4 zikaenda bila kurudishwa. Sheria iliruhusu. Hiyo ni akili.

Binti_Kilwa: Akili gani? NCAA wenyewe, wasimamizi wa michezo ya vyuo, waliziba huo mwanya siku chache baadaye.

Wa_Eldoret: Baadaye, dada. Baadaye!

Kinyozi: Turudi kwenye mada. Oregon hajacheza tangu tarehe 7 Desemba, alipomfunga Penn State 45-37. Wengine wanaita mapumziko, mimi naita kupoa. Ningempa Ohio State, ila mshindi tu, bila hendikapu. Utalipwa pungufu, lakini ushindi wa pointi moja haukuui. Na dau bado hujasema.

Mdigo_Ughaibuni: Dola 600.

Baba_Zawadi_KC: Bonasi ilikuwa ngapi?

Mdigo_Ughaibuni: Dola 600.

Kinyozi: Weka 60, ule nyama na zilizobaki.

Papa_Lushi: Mchana ule ule, saa saba, Texas iko na Arizona State kule Atlanta. Unganisha zote mbili mkeka mmoja, 60 itazaa vizuri.

Binti_Kilwa: Waunganishaji ndio mnaojenga maghorofa ya hizo kampuni.

Mdigo_Ughaibuni: Texas kapewa ngapi?