Fundi ndege naomba ushauri: mafuta ya mgongo yameniponza, saa zinakwenda

Spana_Kumi:
Wakuu, heshima kwenu. Niko Minnesota, fundi ndege, leseni ninayo mwaka wa nne. Alhamisi natoka zamu ya usiku, msimamizi ananiambia jina langu limetoka kwenye vipimo vya kushtukiza. Sikuwa na wasiwasi, bangi sijagusa maishani. Nikakojoa kwenye kikombe, dada wa vipimo akasoma joto, akagawa chupa mbili mbele yangu, nikasaini, nikaenda kulala.

Jana saa 9 alasiri daktari anayehakiki majibu akapiga: imeonekana THC, kile kilevi cha bangi. Nikamweleza natumia mafuta ya CBD (yanatoka kwenye mmea wa bangi ila hayalevyi), matone chini ya ulimi usiku, kwa sababu ya mgongo. Kichupa kimeandikwa kabisa THC sifuri. Akasema hayo si maelezo anayoruhusiwa kuyakubali. Leo beji yangu haifungui geti.

Nina saa 72 za kuomba chupa ya pili ipimwe maabara nyingine. Niombe? Au niache kazi mwenyewe, nihamie kampuni nyingine kimyakimya? Na bangi si imehalalishwa hapa tangu 2023, hawanionei?

Bwana_Ndimu:
Pole sana. Wakikuita tena kunywa maji lita 5 na siki, kila kitu kinatoka.

Dereva_wa_Masafa:
Siki weka kwenye kachumbari. Mimi naendesha lori, utaratibu wa kupima ni huohuo wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Mkojo ukiwa mwepesi kama maji ya bomba maabara wanaona, na ukikamatwa umechezea sampuli inahesabiwa umekataa kupimwa. Usimpoteze mwenzio.

Mzee_wa_Hanga:
Kijana, pole. Nimekuwa kiongozi wa zamu miaka mingi, nakujibu bila kukupaka mafuta (hayo mengine yametosha).

Sheria ya jimbo haikusaidii. Kipimo hiki ni cha serikali kuu: bangi, kokeini, amfetamini, jamii ya afyuni na PCP (dawa ya kulevya inayovuruga akili). CBD yenyewe hawaipimi, ila chupa za madukani mara nyingi zina THC nyingi kuliko lebo inavyosema, na mkojo hausemi imetoka wapi.

Chupa ya pili omba, ni haki yako, na mwajiri hawezi kukwamisha kipimo eti hujalipa kwanza, atakudai baadaye. Ila maabara ya pili inaangalia tu kama THC ipo, haijali kile kiwango cha maabara ya kwanza. Kama kweli uliyanywa, itaonekana. Isipoonekana, kipimo chote kinafutwa.

Kuacha kazi hakufuti kitu. Mwajiri mpya wa kazi kama yetu lazima aulize ulikotoka, miaka 2 nyuma. Na wewe ukiulizwa ukaficha, hapo umejichimbia shimo la pili.

Sasa sikiliza hili, wengi hawalijui. Kwa fundi, kukataa kipimo ni kubaya kuliko kukutwa na dawa mwilini. Ukikataa, FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) wanaarifiwa na leseni yenyewe inaweza kufutwa. Ukikutwa, unaondolewa kwenye ndege, unaonana na mtaalamu wa uraibu aliyeidhinishwa, unafanya atakachokuagiza, unapimwa tena huku mtu anakutazama unavyokojoa (utazoea), halafu vipimo vya ghafla visivyopungua 6 mwaka wa kwanza. Kama kampuni yako itakurudisha au itakufukuza, hiyo ni sera yao. Ukikutwa mara ya pili, kazi ya kugusa ndege umeiaga moja kwa moja.

Mama_Karo:
Na huo mgongo je? Nenda kwa daktari ukapate barua ya mazoezi ya viungo, sio matone ya dukani.

Spana_Kumi:
Asanteni, shikamoo Mzee. Nimempigia daktari saa 4 asubuhi, nimeomba chupa ya pili, nikamtumia na maandishi ili saa ionekane. Jumatatu naonana na mtaalamu. Kichupa bado kipo kabatini, shemeji kashauliza kama anaweza kukichukua. Naye anaendesha basi la shule.

Dereva_wa_Masafa:
Mwambie aje huku asome uzi kwanza.