MREJESHO: Yule mama niliyekuwa nalia kila jioni baada ya kujifungua

Wapendwa habari zenu, mimi ndo yule niliyeandika kwamba nimejifungua kwa operesheni na tangu mtoto afikishe wiki 2 nalia tu, silali hata yeye akilala, na kuna saa namwangalia mwanangu sihisi kitu. Asanteni sana jamani, wengine mlinifuata inboksi usiku wa manane, sitowasahau.

Nilimsikiliza dada aliyesema siku ya kliniki nisiishie kupima uzito wa mtoto, nimwambie nesi. Nesi akasema ni uchovu wa uzazi utaisha, nikarudi nyumbani nimevunjika moyo kabisa. Wiki iliyofuata nikaenda hospitali nyingine, huko dokta akaniuliza yale maswali 10 ya kupima sonona baada ya kujifungua, ya jinsi ulivyojisikia siku 7 zilizopita, na lile la mwisho la kutaka kujidhuru nikajibu ukweli kwa mara ya kwanza, msilifiche hilo tafadhali. Siku ileile nikapelekwa kitengo cha afya ya akili, nikaanzishiwa setralini, dawa ya sonona, na nikaruhusiwa kuendelea kunyonyesha. Wiki 2 za kwanza sikuona tofauti nikataka kuacha, kwenye ya 4 hivi ndo usingizi ukaanza kurudi.

Mama amekuja, usiku anamshika mtoto mimi nalala, hili limenisaidia mno. La kumweleza mume bado limegoma, anaona nadeka, Jumanne tunaenda wote kwa mshauri. Dawa naendelea, dokta kasema nisikatishe mwenyewe hata nikijisikia vizuri.

Jana mwanangu kacheka, na mimi nikacheka.