Kufunga mziki bure kwenye harambee, nyie wenzangu mnafanyaje?

Fundi Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mimi nakodisha mziki, spika nne za juu, besi nne, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 16 na jenereta, siku nzima nachukua laki sita. Juzi kamati ya kuchangia bweni la watoto yatima wakanifuata, kaka tusaidie hii kazi ya Mungu, nikasema poa maana mtaa wenyewe ndo nimekulia. Saa 11 alfajiri nishapakia kirikuu, nimefunga, nimekaa pale mpaka saa 2 usiku. Kumbe mpishi kalipwa, wa maturubai kalipwa, MC kalipwa na hela ya mafuta juu, mimi wali na soda. Halafu huyohuyo MC kashuka na maiki mpaka mbele ya spika akiwafuata wamama wanaotunza, mziki ukapiga mluzi, kabla sijashusha chaneli yake twita moja, kile kispika kidogo cha sauti kali, ishakwenda. Majina ya waliochangia yamesomwa nimetega sikio mpaka mwisho, langu halimo. Nyie mnakubali kazi za hivi au mimi ndo boya?

Besi Nzito
Laki sita kwa chaneli 16? Hiyo bei ya Masaki mzee 😂
Anyway, boya sio wewe, tatizo umetoa bila karatasi. Mimi naandika invoisi kamili kama ya harusi, vyombo, usafiri, vijana wa kubeba, jumla kuu, halafu chini kabisa "punguzo lote, mchango wangu". Wakiishika ile wanajua wamepewa laki sita, na MC anaisoma kama bahasha nyingine.

Mama Kamati
Pole mwanangu. Nimekaa kamati nyingi za kanisani ngoja nikwambie ukweli. Mpishi tunamlipa kwa sababu bila hela ya mchele na nyama hawashi jiko. Nyie mnakuja na kila kitu chenu, hatuoni mnachonunua, kwahiyo tunaona kama hakuna gharama. Ungesema siku ya kikao jenereta inakunywa lita ngapi, mafuta usingekosa.

Mwana wa Tanga
Huku maulidi na hitima sichukui hela, marehemu baba alikuwa hachukui na mimi siwezi kuanza. Lakini hiyo ni sadaka yangu mimi, wale vijana wanaobeba besi ngazini jasho lao siwezi kulitoa sadaka kwa niaba yao, kwahiyo kabla sijasema ndiyo namuuliza mwenye shughuli vijana wawili utawapa shingapi, akisema hana nawalipa mwenyewe mfukoni au nakataa. Na betri za maiki anunue yeye, mbilimbili kila maiki, mpya. Sio za rimoti ya nyumbani.

Fundi Mbagala
Besi Nzito jenereta ni yangu boss, umeme ukikata we utawasha na nini.
Mama nimekuelewa, kweli sikusema kitu, niliona aibu. Na hapo kwa vijana mwana wa Tanga umenipiga penyewe, niliwapa elfu tano tano nikawaambia tuvumilie ni ya watoto, mmoja hapokei simu yangu mpaka leo. Twita nimeipeleka Kariakoo, koili imeungua.
Kamati wamepiga asubuhi, wanataka mziki wa kuzindua msingi mwezi ujao. Nimewaambia nitawatumia karatasi kwanza, mzee wao aliyepiga akanyamaza kidogo, akasema sawa itume.