Helikopta zinakatizaje juu ya ranwei za eapoti kubwa bila kugongana na ndege? Wajuzi naomba mnieleweshe

Dereva_Inglewood

Wakuu salaam. Mi naishi Los Angeles mwaka wa sita huu, naendesha abiria wa apu kwa hiyo siku nzima niko LAX, eapoti kubwa ya huku, au naizunguka. Kwa asiyepajua, pale kuna ranwei nne zote zimelala mashariki magharibi, mbili upande wa kaskazini, mbili kusini, na majengo ya abiria yako katikati, afu barabara ya Sepulveda inapita kwenye handaki chini ya zile za kusini, yaani unaendesha gari huku ndege iko juu ya kichwa chako. Ndege zinatua zimefuatana kama siafu, moja haijatoka kwenye lami ya pili ishawasha taa kule nyuma na ya tatu inaonekana nyuma yake, na ranwei ya pembeni zingine zinaruka kuelekea baharini.

Sasa katikati ya purukushani yote hiyo unaona kahelikopta kanatoka upande wa Santa Monica, kanakatiza ranwei zote nne kanaelekea kusini kama vile hakuna kitu. Zamani sikuwa najali ila tangu ile ajali ya Washington Januari 2025, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria wakafa wote 67, kila nikikaona moyo unanidunda. Juzi nimempitia mwanangu shule, ana miaka tisa, tukapaki karibu na ranwei ya kaskazini akaniuliza baba ile helikopta imeruhusiwa na nani kupita pale, nikakosa jibu. Inaniuma maana anapenda sana ndege na mi ndo mtu wake wa kumuuliza.

Naomba mnieleze, rubani wa helikopta anajuaje saa ya kupita? Na kwa nini asizunguke tu mbali na eapoti?

Kinyozi_Tandale

Mkuu mi sio mtaalamu ila nadhani ni kama kuvuka barabara tu, anasubiri ranwei iwe tupu kabisa ndo anapita. Kuhusu kuzunguka hapo hata mi najiuliza, kwa akili ya kawaida ungekaa mbali na ndege kadiri unavyoweza.

Chopa_Wilson

Ndugu Dereva, swali lako ni zuri na huyo kijana mpe hongera kwanza. Mimi narusha chopa, yaani helikopta, hapa eapoti ya Wilson Nairobi lakini masaa yangu ya mwanzo niliyarukia California, na LAX nimeikatiza mara kadhaa nikiwa mwanafunzi mwalimu amekaa pembeni, kwa hiyo nakueleza kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Kitu cha kwanza, na hapa Kinyozi usinikasirikie, mahali salama zaidi pa kukatiza eapoti ni juu yake hasa, katikati. Fikiria bonde. Upande wa mashariki kuna mteremko, ndio ndege zinazoshuka kuja kutua. Upande wa magharibi kuna mlima, ndio zinazopanda zikishaondoka. Katikati hapo juu ya lami ndio sakafu ya bonde, kila ndege iko chini au karibu na chini. Ukipita juu ya sakafu hiyo unajua zilipo zote, ziko chini yako. Sasa jaribu kuzunguka kwa mashariki kama unavyotaka. Ndege inayokuja kutua inashuka kama futi 300 kwa kila maili ya baharini, maana yake maili tano kabla ya ranwei iko futi 1,500 hivi na maili kumi iko 3,000, na LAX kuna misururu miwili ya namna hiyo, wa kaskazini na wa kusini. Popote utakapokatiza huko lazima upite chini yao au juu yao, mbali na eapoti, mahali ambapo wako kimo kilekile unachokitumia wewe. Nilipoelewa hilo ndio niliacha kuogopa kupita katikati.

Kwa wanaopita juu kabisa LAX ina njia maalum ambayo iko kwenye sheria, huhitaji hata kuongea na mnara wa kuongoza ndege. Unafuata mstari mmoja tu wa redio wa kituo cha Santa Monica, nyuzi 132, ukielekea kusini mashariki unakaa futi 3,500, ukirudi kaskazini magharibi unakaa 4,500, spidi isizidi noti 140, taa za kukutambulisha ziwake, namba ya transponda, kifaa kinachokutambulisha kwenye rada, ni 1201, na marubani mnatangaziana wenyewe kwenye masafa ya njia hiyo mko wapi. Ndege za jeti haziruhusiwi. Hiyo inatumiwa na vindege vidogo na chopa pia.

Lakini uliyoiona wewe nafikiri ni ya chini, hiyo ni lazima kwa ruhusa ya mnara, bila ruhusa hukanyagi. Enzi nilipokatiza mimi utaratibu ulikuwa hivi. Kabla hujafika unamwita muongozaji, unamwambia wewe ni nani, uko wapi, kimo gani, unataka kwenda wapi. Mara nyingi anakwambia subiri, kaa kaskazini ya ranwei, na wewe unazunguka hapohapo mahali pamoja hata kama ni dakika tano na mafuta yanakwenda, hukaribii hata kidogo. Akishaona nafasi anakuonyesha ndege, anakwambia kuna Boeing 737 iko maili mbili kabla ya ranwei, unaiona? Ukisema naiona, anakwambia pita nyuma yake. Unarudia maneno yake yote, kimo, ranwei na ndege unayopita nyuma yake, ukikosea neno moja anakusahihisha. Ndipo unakatiza, umenyooka kabisa kukata ranwei kama msalaba, hukatizi mshazari kwa sababu mshazari unakaa juu ya ranwei muda mrefu zaidi. Na usicheleweshe, ukiambiwa vuka unavuka.

Wakati mwingine hupewi zote nne kwa mkupuo. Unaruhusiwa mbili za kaskazini tu, unangoja juu ya majengo ya abiria pale katikati, halafu ndio unapewa za kusini. Na Kinyozi hapo ndipo ulipopatia nusu, nafasi ilitafutwa kweli, ila haikusubiriwa ranwei iwe tupu, ingesubiriwa hiyo LAX ungevuka usiku wa manane. Tulichotafuta ni nafasi nyuma ya ndege uliyoiona kwa macho.

Kwa nini nyuma na sio mbele? Kwa sababu ndege ya kutua inaweza kughairi. Rubani anaona kitu kwenye lami au upepo umemsukuma, anasukuma injini anapanda tena, na sasa ile sakafu ya bonde ina ndege inayopanda kwa nguvu kukufuata. Ukiwa nyuma yake anakuacha.

Jambo lingine ambalo ukiwa garini hulioni ni upepo. Kila bawa la ndege inayoruka linaacha nyuma kimbunga kinachojikunja, viwili, kimoja kila upande, na vinazama taratibu kama futi 300 hadi 500 kwa dakika. Ndege ikiwa nzito na spidi ndogo ndio vinakuwa vibaya zaidi, chopa ndogo kama R22 inaweza kupinduliwa kabisa. Lakini vimbunga hivyo vinaanza pale ndege inaponyanyua pua na vinaisha pale magurudumu yanapogusa lami. Kwa hiyo tena unarudi kulekule, sehemu ya lami ambapo ndege ziko kwenye magurudumu haina kimbunga. Na ukilazimika kupita nyuma ya kubwa iliyoko hewani unapita juu ya njia yake, usipite chini.

Dereva_Inglewood

Kaka sijui nikushukuruje, nimeisoma mara tatu na jioni nampa dogo hilo la bonde. Sasa nijibu hili moja, kama utaratibu ni huu, kule Washington ilikuwaje? Nao si waliambiwa wapite nyuma?

Mama_Mnara

Wanangu habari zenu. Mimi niliongoza ndege huku nyumbani miaka mingi, nimestaafu, na ajali ile niliifuatilia kila karatasi iliyotoka maana wale waliokufa wangeweza kuwa wa kwangu.

Mwanangu Dereva, umeuliza sawasawa kabisa. Waliambiwa wapite nyuma. Tatizo ni vitu vingi vilivyokaa pamoja usiku mmoja. Kwanza pale hawakuwa wanakatiza sakafu ya bonde kama alivyosema Chopa. Njia ile ya helikopta, namba 4, ilifuata ukingo wa mashariki wa mto Potomac, na ranwei ya eapoti ile inayoitwa 33 ndege zinaikaribia kwa kukata juu ya ukingo huohuo. Yaani ni mteremkoni, ndege iko mia kadhaa za futi tu kutoka chini. Helikopta ilitakiwa isizidi futi 200. Wachunguzi walipopima wakakuta hata mtu akifuata sheria zote, helikopta ikiwa kwenye futi zake 200 na ndege ikishuka kama inavyopaswa, kati yao panaweza kubaki futi 75. Futi 75 mwanangu, hata urefu wa ndege yenyewe haufiki. Usiku ule helikopta ilikuwa kama futi 278.

Pili, ndege ilikuwa inakuja ranwei nyingine ndefu, dakika za mwisho ikaombwa ihamie 33 ikakubali, kwa hiyo ikageuka kuelekea kule kwenye njia ya helikopta. Tatu, ilikuwa usiku, askari wamevaa miwani ya kuonea gizani, nyuma kuna taa za mji mzima, na wakasema ndege tunaiona, wakaomba wajitenge wenyewe kwa macho. Unajuaje kama waliyoiona ndiyo uliyowaonyesha? Taa zinafanana. Mimi mnarani nimeshawahi kuambiwa naiona na rubani aliyekuwa anaangalia ndege nyingine, kilichotuokoa ni mchana kweupe na mwenzake aliyeshtuka. Toka siku hiyo nilikuwa nauliza tena, iko upande gani kwako kwa namba za uso wa saa, inaelekea wapi, mpaka niridhike.

Nne, na hili linanikaa kooni, maneno pita nyuma yake inawezekana hawakuyasikia. Kitufe cha redio cha helikopta kilikuwa kimebonyezwa sekunde hiyohiyo, na ukibonyeza kuongea husikii. Tena helikopta na ndege walikuwa masafa tofauti, muongozaji anawasikia wote lakini wao kwa wao hawasikiani, kwa hiyo rubani wa ndege hakuwahi kusikia sauti ya helikopta ikijibu. Na kile kifaa cha ndege kinachomwamrisha rubani apande au ashuke kukwepa mwenzake, karibu na ardhi amri hizo kinazizima, kinabaki kutoa tahadhari tu kwamba kuna chombo jirani. Tahadhari walipata, amri hawakupata.

Matukio ya kabla ya ajali ndio yanauma zaidi. Kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 zilihesabika mara 15,214 ambazo ndege na helikopta zilikaribiana pale chini ya maili moja ya baharini na chini ya futi 400 za kimo. Takwimu zilikuwepo. Mara ngapi inabidi useme hii njia imekaa pabaya? Machi 2025 wachunguzi wakataka njia hiyo isitumike kabisa wakati ranwei hiyo inatumika.

Kinyozi_Tandale

Dah. Mama asante, nimekaa kimya nasoma. Kwa hiyo helikopta kupita eapoti sio kosa, kosa ni pale ilipochorwa njia.

Mama_Mnara

Njia, na kutegemea macho peke yake gizani. Na usisahau mtu wa mnarani naye ni binadamu. LAX hiyohiyo Februari 1991 muongozaji aliiweka ndege ndogo kwenye ranwei 24L isubiri kuruka, kazi zikamzidi akaisahau, akaruhusu 737 itue palepale, wakafa zaidi ya 30. Ndio maana sisi tulikuwa na vikaratasi, kila chombo karatasi yake, na ukimruhusu mtu avuke ranwei unaweka alama mbele yako kwamba ranwei ina mtu, huiondoi mpaka amekwambia nimevuka. Mkono wako ukienda kumruhusu wa kutua unakutana na ile alama kwanza. Wanafunzi wangu nilikuwa nawagombeza sana kwa hilo na sijutii.

Chopa_Wilson

Mama umesema yote. Niongeze tu kwamba hapa kwetu Machi 2024 Dash 8 ya abiria iliyotoka Wilson iligongana hewani na Cessna 172 ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi, waliokuwa kwenye Cessna wakafa wawili, mwalimu na mwanafunzi. Haikuwa chopa, lakini ni hadithi ileile ya mkubwa na mdogo kwenye anga moja finyu. Tangu hapo nikiwa hewani Wilson nikisikia sauti ya mwanafunzi kwenye redio naitafuta ndege yake mpaka niione, hata kama mnara haujaniambia.

Dereva_Inglewood

Poleni sana. Mama la mwisho, dogo ndo ameuliza sasa hivi nikimsomea. Redio ikifa helikopta ikiwa inangoja pale pembeni je?

Mama_Mnara

Mwambie mjukuu wangu swali hilo nilikuwa naulizwa kwenye mtihani. Mnarani kuna taa kubwa kama bunduki, inatoa rangi tatu, na rubani asiyesikia anaangalia mnara. Akipigwa taa ya kijani isiyopepesa ameruhusiwa kutua. Kijani inayopepesa, rudi uje kutua. Nyekundu isiyopepesa, wapishe wengine, endelea kuzunguka hapohapo. Na akishaielewa anamjibu mnara bila redio, mchana anachezesha mabawa, helikopta inayumba kidogo kushoto kulia, usiku anawasha na kuzima taa zake.