Mnaosonya kwenye foleni ya kitubio, niambieni mnaharakia wapi

Wakuu, habari za leo. Parokia sitaitaja, na asije mtu kunifuata pembeni kuniuliza ni ipi. Ni hapa hapa Dar es Salaam, na ninachokieleza wengi mtakitambua kwa sababu kipo karibu kila parokia. Uzi ni mrefu. Jambo hili limenikaa kooni tangu Juma Kuu, ile wiki ya kuelekea Pasaka, na leo nalisema lote.

Jumatano ya Juma Kuu tulitangaziwa maungamo, yaani sakramenti ya kitubio, mtu anapomwambia padre dhambi zake ili aondolewe, kuanzia saa tisa alasiri. Mapadre walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ndani ya kanisa, kwenye kiti cha maungamo chenyewe. Mwingine aliwekwa nje chini ya mwarobaini, kiti cha plastiki, stola (kile kitambaa kirefu cha kipadre) ya zambarau shingoni, ameinamisha kichwa na kiganja amekiweka karibu na sikio. Mimi nilipanga foleni ya nje. Ni foleni ya mabenchi: mmoja akinyanyuka kwenda kuungama, wote mnasogea nafasi moja, na waliosimama nyuma wanapata pa kukaa. Kufika saa kumi na moja watu walikuwa wameshafika hadi getini.

Akafikiwa bibi mmoja wa mkongojo. Kupiga magoti hakuweza, padre akamvutia kiti, wakakaa. Akachukua muda wake. Nadhani pia alikuwa hasikii vizuri, maana padre alikuwa anamwinamia na kurudia maneno. Basi hapo ndipo foleni ilipogeuka kituo cha daladala saa ya jioni. Mmoja akasonya. Mwingine akatazama saa, akaitazama tena kwa kuinyanyua juu ili kila mtu aone. Nyuma yangu mwanamume mzima, mtu wa heshima zake, akasema kwa sauti, "Huyu bibi naye anaungama dhambi za ukoo mzima?" Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye kitenge cha chama cha kitume akaenda kusimama hatua tatu nyuma ya yule bibi, mkono kiunoni, ili padre amwone kwamba watu wanasubiri. Padre akampungia mkono arudi nyuma. Akarudi kidogo tu, akaendelea kusimama pale pale.

Pembeni yangu alikaa kijana, sidhani kama amefika miaka thelathini. Mwanzoni alikuwa ameniamkia, tukakaa kimya, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mama, eti mtu akiwa hajaungama muda mrefu sana, anaanzaje?" Nikamwambia, mwanangu, mwambie padre hivyo hivyo, kwamba ni muda mrefu, yeye atakuongoza. Mkononi alikuwa na karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, ameandika pande zote. Alikuwa anaikunja na kuikunjua hadi kingo zimelainika. Ile kauli ya dhambi za ukoo ilipotoka na watu wakacheka, yule kijana alitazama chini. Baada ya bibi akaenda mwingine, naye akakawia, minong'ono ikaanza upya: huko wanapika? si aseme kubwa kubwa tu atoke? Kijana akaiweka karatasi mfukoni, akanyanyuka, akapita geti la pembeni. Nikadhani anaenda msalani. Hakurudi.

Nataka kila aliyecheka siku ile alisome hili taratibu. Mtu aliyekaa miaka nje ya sakramenti, akajikusanya, akaandika dhambi zake kwenye karatasi, akaacha kazi mchana wa Jumatano, akapanda gari, akakaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima, mmemrudisha alikotoka. Hakurudishwa na padre. Mlimrudisha ninyi, na midomo yenu, zikiwa zimebaki nafasi chache sana afikiwe. Siku ya Pasaka wenzake walipokwenda kupokea komunyo, kama alikuja kanisani, alibaki amekaa kwa kuwa hajaungama. Kila Mkatoliki anajua kubaki umekaa wakati benchi zima limesimama kukoje.

Mnaosema mtu akiwa na dakika tano zinamtosha, nani aliwapimia? Mmefundishwa katekisimu kama mimi. Kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza kitubio. Hakuna mahali palipoandikwa fanya haraka kuna watu nyuma. Kanuni ya 988 ya Sheria za Kanisa inamtaka mwamini aungame dhambi zote za mauti, yaani dhambi kubwa, anazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa makini, kwa aina na kwa idadi. Kwa idadi, jamani! Mtu wa kila mwezi anaweza kumaliza upesi. Mtu wa miaka kumi na tano atamalizaje upesi? Mtu aliyevunja ndoa, aliyemdhulumu ndugu yake kiwanja, aliyetoa mimba na hajawahi kumwambia binadamu yeyote, huyo mnataka afanye mchezo wa nusu dakika? Pengine analia. Pengine sentensi ya kwanza tu imemshinda na padre anamsubiri. Anayekaa muda mrefu pale ndiye hasa foleni yote imewekwa kwa ajili yake. Sisi wengine wa dhambi za kusengenya na kukosa uvumilivu tungeweza kuja hata wiki inayofuata.

Kule Ars, Ufaransa, Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa kijiji hicho, alikuwa anaungamisha mpaka saa kumi na sita kwa siku, na watu waliokuja kutoka mbali walisubiri siku kadhaa mpaka wafikiwe. Siku kadhaa, kijijini, enzi zile. Sisi saa mbili tu chini ya mwarobaini, kwenye kivuli, na maji ya kununua getini, tumeshaanza kutoana roho.

Halafu kuna hili la kusimama karibu. Hili linanikera kuliko hata kusonya. Kwenye foleni za nje hakuna ukuta, hakuna pazia, kwa hiyo usalama wa anayeungama unategemea sisi tuliokaa kwenye mabenchi tuko umbali gani. Wewe unasogea, unasogea, mpaka unasikia. Unajua umejitwika nini? Kanuni ya 983 inaanza na padre, kwamba siri ya maungamo haivunjwi kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Lakini haikomei kwa padre. Fungu la pili linamfunga pia mkalimani, na mtu mwingine yeyote aliyezijua dhambi za mwenzake kutokana na maungamo. Kwa hiyo ukisimama hatua tatu nyuma ya bibi asiyesikia vizuri, na padre analazimika kupaza sauti, yale uliyoyadaka unakufa nayo. Sasa nenda kwenye mikutano ya jumuiya usikie mambo yanavyosimuliwa. "Mimi simsemi mtu, ila siku ile ya kuungama nilimsikia..." Nimeyasikia kwa masikio yangu, na hakuna aliyemkatisha msemaji.

Kuchomekea nako. Kuna watu wanatanguliza mikoba. Mkoba unakaa kwenye benchi tangu saa nane, mwenyewe yuko sokoni, anarudi saa kumi anasema mimi nilikuwa hapa. Kuna wengine wa vyeo: mwenyekiti wa kamati hii, katibu wa kanda ile, mwanakwaya aliyevaa sare eti anawahi mazoezi. Wanapita mbele moja kwa moja, na mzee wa zamu anawafungulia njia. Sizungumzii wagonjwa, wajawazito na wazee sana. Hao wapite, na siku ile hakuna aliyenung'unika mjamzito mmoja alipotangulizwa. Nawasema wenye miguu mizima wanaokuja kuungama kiburi huku wamewapita watu arobaini ili wakakiungame. Hebu nielezeni hapo majuto yako wapi.

Na yule katekista aliyepita na kututangazia, "Fupisheni, padre amechoka." Padre hakumtuma. Padre mwenyewe alipomsikia alitikisa kichwa na kusema watu wasiharakishwe. Ndugu katekista, kazi yako pale ilikuwa kutuweka kimya na kutusogeza mbali na kiti. Tangazo lako lilimpa kila msonyaji kibali.

Jamaa wawili waliokuwa nyuma yangu walikuja na suluhisho lao: padre asimame mbele, atusamehe wote kwa pamoja, tuondoke. Mmoja akasema mbona kipindi cha korona iliruhusiwa. Ni kweli kwamba Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani inayohusika na maungamo, ilieleza kuwa maondoleo ya pamoja yanaweza kutolewa mahali palipozidiwa na maambukizi, hospitalini watu wanakufa na padre hawezi kumfikia kila mmoja. Ndiyo maana yake: watu wanakufa. Kanuni ya 961 inasema wazi kwamba wingi wa watu kwenye sikukuu kubwa au hija, peke yake, si sababu ya kutosha. Na hata yanapotolewa, mtu anabaki na wajibu wa kuja baadaye kuungama dhambi zake za mauti mmoja mmoja. Kwa hiyo foleni mngeikuta inawasubiri.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana najua kuna atakayesema nawaonea waamini na kuwaacha wakubwa. Siwaachi. Kanuni ya 986 inawataka wenye dhamana ya roho za watu wapange siku na saa za maungamo zinazowafaa waamini. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, katika barua yake Misericordia Dei, aliwataka maaskofu na maparoko wakague mara kwa mara kama nafasi za kuungama zinatosha, mapadre waonekane mahali pao katika saa zilizotangazwa, na saa hizo ziendane na hali halisi ya watu. Jumatano saa tisa alasiri inamfaa nani Dar? Anayetoka kazini Kariakoo saa kumi na mbili, akipambana na foleni ya magari hadi Mbagala au Kibamba, anafika padre ameshavua stola. Kwaresima nzima ina Ijumaa za Njia ya Msalaba, watu tunajaa kanisani, tungeweza kuungama saa moja kabla. Mapadre wa dekania, yaani wa parokia jirani zilizowekwa pamoja, wanaweza kuzungukia parokia moja moja kuanzia wiki ya pili ya Kwaresima, na zipo parokia zinazofanya hivyo. Sisi kwetu kila kitu kinasukumwa Juma Kuu, mapadre wawili, waamini mia kadhaa, kisha tunashangaa watu wanararuana.

Lakini jamani, na sisi tuseme ukweli wetu. Jumamosi jioni padre huyo huyo anakaa kwenye kiti cha maungamo. Nimepita mara nyingi nikamkuta peke yake na kitabu chake cha sala, watu wanne, watano, basi. Wanaopiga kelele Juma Kuu kwamba foleni haiendi, Jumamosi hizo zote walikuwa wapi? Mwaka mzima hukuja, umekuja siku ambayo kila mtu amekuja, halafu hasira unamtupia bibi wa mkongojo.

Ninachokitaka ni vitu vya kawaida kabisa. Mabenchi ya foleni ya nje yawekwe mbali na kiti, mstari upigwe chini kwa chokaa, na mtu wa zamu asimame hapo kuhakikisha hauvukwi mpaka aliyeko mbele anyanyuke. Zigawiwe namba. Asiseme mtu kwamba namba ni mambo ya benki, kule San Giovanni Rotondo, Italia, kwa Mtakatifu Padre Pio aliyefuatwa na umati kuungama, ilifika mahali watu wakapewa tiketi za namba ili kupunguza kusukumana. Mwenye namba anaweza kwenda ndani kusali badala ya kulinda benchi kwa mkoba. Anayechomekea kwa cheo arudishwe nyuma mbele za watu, awe nani. Na saa za jioni ziongezwe, hata siku mbili tu kwa wiki.

Kuna wajumbe wa halmashauri za walei, waamini wasio mapadre wala watawa, humu, nawafahamu kwa michango yenu. Lipelekeni hili kwenye kikao kabla ya Majilio, zile wiki za kujiandaa na Noeli, maana foleni ya Noeli itakuwa ile ile. Na wewe uliyetoa ile kauli ya dhambi za ukoo, kama upo humu, yule kijana alikuwa amevaa shati la bluu la mikono mirefu na alitokea geti la upande wa shule. Ukimwona, mfuate umwombe radhi, umwambie arudi, na siku hiyo mpishe atangulie mbele yako.