Ushauri: Kura ya rais nimpime mgombea kwa lipi? Nyumbani kila mtu ana lake

Mtopanga21 (mwenye uzi)

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Naomba ushauri wa dhati. Sitaki kuambiwa nimchague nani, na tafadhali tusipigiane debe hapa. Nataka kujua mgombea urais anapimwa kwa jambo gani kwanza.

Nina miaka 21. Uchaguzi wa 2022 hapa Kenya ulinipita kwa sababu ya umri, kwa hivyo Agosti 2027 ndipo nitapiga kura mara ya kwanza. Nimemaliza diploma ya uuguzi na kazi sijapata.

Kwetu mjadala huu hauishi. Baba ni dereva wa lori, na kwake siasa yote ni bandari: makontena yakitolewa Mombasa tunakula, yakipandishwa reli kwenda bara tunalala na deni la duka. Mama anauza samaki, kilio chake ni bei ya mafuta na malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali. Kaka yangu aliingia barabarani Juni 2024, kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na rafiki yake mmoja anachechemea mpaka leo kwa risasi. Yeye hataki hata kusikia habari ya bei ya unga. Anasema rais asiyeheshimu uhai wa raia hana jingine la kumsikiliza. Mimi mwenyewe nawaza ajira.

Kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki. Wagombea nao wanaahidi yote kwa pamoja. Nyinyi mngeanza na lipi, na kwa nini?

Mama Zuu

Mwanangu, anza na tumbo. Mimi niko Kongowea, nanunua nyanya na vitunguu vinavyotoka mbali. Serikali ilipopandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, katika Sheria ya Fedha ya 2023, hakuna aliyenitangazia. Mwenye lori alikuja tu na bei mpya, nami nikaihamishia kwa mteja. Mteja akapunguza, aliyekuwa akinunua kilo akaomba nusu.

Kwa hivyo mgombea akija mimi namsikiliza kwa kodi: ataongeza ipi, ataondoa ipi. Hayo mengine ni ya watu waliokwisha kula.

Mwalimu Mstaafu

Binti, umeuliza vizuri kuliko wengi wanaosimama majukwaani. Kabla hujapanga lipi la kwanza, tenganisha kwanza yaliyo ya rais na yasiyo yake. Hapo ndipo wapiga kura wetu wengi wanapotea.

Katiba ya 2010 ina Jedwali la Nne. Litafute ulisome, si refu. Limegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti: hayo ni ya gavana wako na bunge lake la kaunti. Serikali kuu imebaki na polisi na ulinzi, mambo ya nje, sera ya uchumi na kodi kubwa, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu, bandari, hospitali kuu za rufaa za kitaifa.

Sasa tazama nyumbani kwenu. Ajira yako ya uuguzi, ukitaka serikalini, kwa sehemu kubwa iko kwa bodi ya utumishi ya kaunti. Mgombea urais akikuahidi kuajiri wauguzi zahanati ya mtaani kwenu, muulize atapitia mlango gani. Lakini SHA ya mama yako ni ya serikali kuu tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024. Bandari ya baba yako ni ya serikali kuu. Hata feri ya Likoni iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Na alilolilia Mama Zuu hapo juu, kodi ya mafuta, ni la Bunge la Taifa pamoja na rais anayetia saini.

Nguvu ya saini hiyo tuliiona sote. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita bungeni tarehe 25 Juni. Siku ya pili yake rais alikataa kuutia saini, akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Mambo ya namna hiyo ndiyo ya kumpimia rais, yale ambayo akisema ndiyo au hapana nchi nzima inageuka.

Changamwe Depo

Mwalimu amegusa bandari, acha nikazie kwa sababu baba wa huyu dada ni mwenzangu.

Watu wa bara wanadhani sisi tunalilia reli kwa wivu. Reli ya SGR ilianza safari zake za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na tuliipokea kwa mikono miwili. Kilichotuua ni amri iliyokuja baadaye, kwamba mizigo ya Nairobi na nchi jirani isafirishwe kwa reli na kushughulikiwa bandari kavu ya Embakasi, baadaye na Naivasha. Depo za hapa zikapunguza watu. Madereva, makuli, mawakala wa forodha, wauza chakula wa Changamwe, wenye gereji za Miritini, wote wakaguswa. Mwaka 2019 watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu.

Kisha tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa, rais mpya alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Mstari mmoja wa hotuba. Mimi sisemi mambo yote yalirudi kama zamani, wala sifanyi kampeni. Nasema ajira za maelfu zilifungwa kwa amri ya ofisi moja na zikafunguliwa na ofisi hiyohiyo. Halafu mtu anakwambia rais hahusiki na ajira!

Dada, ajira usiitoe kwenye orodha yako. Ila uliza kwa amri gani, kwa sekta gani.

Wakili wa Mtaani

Naomba nipinge kidogo mpangilio wa wazee wangu, kwa heshima.

Bei hupanda na kushuka. Aliyekufa harudi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitangaza Desemba 2024 kwamba watu 82 walikuwa wametekwa tangu Juni mwaka huo. Kuna mama aliyekaa bila kujua mwanawe yuko seli, yuko msituni, au yuko mochari. Ukimwambia huyo kwamba suala kubwa la uchaguzi ni bei ya petroli, utamtazama usoni?

Kaka wa mwenye uzi yuko sawa kabisa. Kwangu mimi haki ya kuishi na kusema ndiyo inayobeba hayo mengine yote. Kodi ya 2024 ilirudishwa nyuma kwa sababu vijana walitoka nje. Siku watu wakiogopa kutoka, Mama Zuu hatakuwa na njia ya kupunguziwa hiyo kodi.

Mama Zuu

Mwanangu Wakili, sikusema uhai si kitu. Nina watoto na mimi. Usiku ule wa Juni sikulala.

Wakili wa Mtaani

Najua mama, niwie radhi kama ilikaa vibaya.

Mtopanga21

Ahsanteni sana. Shikamoo Mwalimu. Jedwali la Nne nimelisoma, nimeshangaa. Nilikuwa nasubiri rais aniletee kazi iliyo kwa gavana.

Nina maswali mawili. Haki anapimwa nayo vipi mgombea, maana wote wanasema wanaipenda Katiba? La pili, mama anaumia na SHA kwa sababu asiye na mshahara anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Zamani NHIF alikuwa akitoa 500 kwa mwezi, ikikosekana analipa mwezi ujao. Hilo nalo ni suala la urais au nalikuza?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti. Hulikuzi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho kwa maandishi ni nafuu kuliko ile 500. Lakini muuza samaki hapati pesa kwa mwaka, anapata kwa siku. Aliyepanga malipo ya mwaka kwa mkupuo hakumfikiria mama yako. Hilo ni swali halali kabisa kwa mgombea: je, atabadilisha namna ya kulipa? Na ni swali zuri kwa sababu jibu lake ni ndiyo au hapana, hawezi kulizungusha.

Juu ya haki, tazama nani atateuliwa. Inspekta Jenerali wa polisi anapendekezwa na rais na kuidhinishwa na Bunge. Kwa Katiba, hakuna waziri anayeweza kumwamuru amchunguze nani au amshtaki nani. Rais anaweza kujificha nyuma ya uhuru huo akasema polisi si wangu. Kwa hivyo muulize mgombea atamteua mtu wa sifa gani, na amri za mahakama atazitii hata zikimchoma? Kama amewahi kushika ofisi yoyote, acha ilani, chunguza alivyofanya mahakama zilipomkatalia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Rudi usome nani alisema nini wiki ile, pande zote. Watu walijionyesha.

Doha Mwambao

Salamu kutoka Qatar. Mimi mwaka 2022 nilipigia kura huku. Sisi wa nje hatupigi kura ya gavana wala mbunge, tunapewa karatasi moja tu, ya rais. Kwa hivyo swali hili la dada sisi tunaishi nalo: ukiondoa gavana, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi), rais peke yake unamtakia nini?

Jibu letu hapa kambini lilikuwa mikataba ya kazi. Serikali ndiyo inayokaa mezani na nchi za Ghuba kujadili mikataba ya wafanyakazi, na balozi ndizo zinazopokea simu mtu akinyimwa pasipoti yake. Wenzetu walioko Saudi Arabia, ambao ni wengi mno na wasichana wa kazi za nyumbani ndio wanaoteseka zaidi, hawakuwa na kituo hata kimoja cha kupigia kura 2022. Vituo viliwekwa katika nchi 12 na Saudi haikuwamo. Wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi hawana sauti.

Dada muuguzi, hili linakuhusu. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi kwenda kufanya kazi huko. Kwa hiyo ajira yako ina milango miwili, wa kaunti na wa mikataba. Huo wa pili uko mkononi mwa serikali kuu.

Ganze Kwetu

Mmezunguka pwani yote na ardhi hamjaitaja. Nimeshangaa.

Sheria ya mkoloni ya 1908 ndiyo iliyosajili ardhi ya mwambao kwa hati, na aliyekosa kudai akajikuta skwota kwenye kaburi la babu yake. Kila rais anakuja na maboksi ya hati miliki karibu na kura. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, serikali ililinunua, hati zikagawiwa Januari 2016, kisha wakazi wakaambiwa walipie shilingi 182,000 kila mmoja. Ndipo furaha ikageuka maswali.

Mimi nampima rais kwa ardhi. Nikiwa na shamba langu, hiyo unga nitalima.

Mwalimu Mstaafu

Ganze, umesema kweli na nilipaswa kuanza na hilo kwa watu wa huku. Usajili wa ardhi na kuwapa maskwota makao ni kazi ya serikali kuu, na Tume ya Taifa ya Ardhi ipo kikatiba.

Niongeze moja ambalo halijaguswa, deni. Vijana wanaliona ni la wachumi. Nchi inadaiwa zaidi ya shilingi trilioni 11. Mwaka 2014 tulikopa dola bilioni 2 kwa hati za Eurobond, yaani mkopo wa soko la kimataifa, na ilipokaribia kulipwa, Februari 2024, tulikopa nyingine dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kuilipa ya kwanza. Kodi ya Mama Zuu inakotoka ni huko. Mgombea anayeahidi kushusha kodi, kuongeza hospitali na kuajiri, huku deni halitaji, anakuficha hesabu.

Mwaka 2002 wagombea wa upinzani waliahidi elimu ya msingi bila karo, na Januari 2003 watoto wakamiminika madarasani. Nilikuwa na wanafunzi wamekaa madirishani. Ahadi ilikuwa moja, inaeleweka, na iko ndani ya uwezo wa serikali kuu. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta za mapajani kwa watoto wa darasa la kwanza, na shule nyingi hazikuwa na stima. Zikaja tableti, tena kuanzia 2016. Linganisha ahadi utakazosikia na hizo mbili.

Mtopanga21

Nimewaelewa. Baba nimemsomea ya Changamwe Depo, amefurahi sana. Kaka amemsomea mama ya Wakili.

Nimeamua hivi: kwanza mgombea anipitie kwenye haki, kwa rekodi yake na mahakama na polisi. Akishindwa hapo simwendelei. Akipita, namuuliza kodi na deni kwa pamoja, maana nimeona ni kitu kimoja. Bandari, SHA na mikataba ya kazi nitazitumia kuchagua kati ya waliobaki. Ajira ya zahanati nampelekea mgombea ugavana.

Ganze, ardhi sijui niiweke wapi. Kwetu tunapanga nyumba, hatuna shamba.

Ganze Kwetu

Iweke pamoja na haki, dada. Kufukuzwa kwenye nyumba uliyozaliwa ni kuvunjiwa haki, tingatinga huja na polisi.

Wakili wa Mtaani

Naunga mkono.

Changamwe Depo

Umejiandikisha lakini? Haya yote hayana kazi bila jina kwenye daftari.

Mtopanga21

Bado. Kipande cha kitambulisho nimekipata juzi.

Changamwe Depo

Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge la Kisauni, wanaandikisha siku za kazi. Beba kipande chenyewe, fotokopi hawapokei. Na nenda na kaka yako.