Naomba ushauri: nianzie chuoni au shambani? (Robo tatu ya ekari, Luanda, Vihiga)

Mwanaluanda
Wanajukwaa, hamjambo. Nina umri wa miaka 29, na baada ya kuuza vifaa vya ujenzi mjini Nakuru kwa miaka sita nimerudi nyumbani, ambako mama amenikabidhi robo tatu ya ekari nilime kwa njia isiyouchosha udongo. Msimu wa kwanza nimevuna magunia mawili tu ya mahindi, kwa kuwa kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, lilitapakaa kote, na maua yake ya zambarau yalipendeza kuliko mahindi yenyewe. Kabla ya kupanda nilikuwa nimelipia mafunzo ya siku mbili hotelini. Tulionyeshwa picha ukutani, tukala kuku, tukapewa vyeti, ila jembe hatukuligusa na kayongo haikutajwa hata mara moja. Nimebaki na akiba ya shilingi 60,000. Je, niilipe karo ya chuo cha kilimo, au ipo njia nyingine ya kujifunza kabla ya mvua ndefu za Machi?

Mstaafu wa Ugani
Mwanangu, pole kwa hasara hiyo. Chuo si kibaya hata kidogo: Bukura ipo hapo Kakamega, Baraka ya Molo inajulikana kwa kilimo endelevu na ufugaji wa nyuki, na Egerton yenyewe ilianza mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo pale Njoro. Hata hivyo, stashahada humwandaa mtu zaidi kwa kuajiriwa, akiba yako haitaimaliza karo, na kayongo haitakungoja uhitimu.

Muulize afisa wa kilimo wa wadi yako kama kuna shamba darasa karibu. Mtindo huo ulianzia kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa: wakulima wapatao 25 hukutana kila wiki katika shamba moja, tangu kupanda hadi kuvuna, wakilinganisha kipande kilicholimwa kwa mazoea na kile cha majaribio, na kila mmoja akihesabu wadudu kwa macho yake. Mafunzo yasiyopita katika msimu mzima hayakuonyeshi makosa yako.

Jambo la pili ni udongo. Maeneo mengi ya magharibi yana asidi, lakini usimwage chokaa ya kuipunguza kwa kubahatisha. Tembea shambani kwa mwendo wa nyoka, uchimbe sehemu kama 15 kwa kina cha sentimita 20, ukwepe zizi na mahali palipochomwa takataka, kisha uchanganye udongo huo katika ndoo ambayo haijawahi kubeba mbolea. Uanike kivulini, upeleke nusu kilo kupimwa. (Nimewaona watu wazima wakipeleka udongo wa kando ya zizi, kisha wakashangaa kuambiwa shamba lao lina rutuba.)

Jirani wa Maseno
Kituo cha mafunzo ya wakulima cha Maseno hakiko mbali nawe. Fika mwenyewe uulize ratiba yao, usingoje tangazo.

Mama Nepia
Mdogo wangu, mimi nalima Emuhaya, na kayongo ilinitesa mpaka nilipofunzwa mbinu ya sukuma-vuta, ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waliibuni Mbita katika miaka ya 1990 pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa kutoboa mashina ya mahindi, na pembezoni mwa shamba unazungusha mistari mitatu ya nepia, majani ya kulishia ng'ombe, inayowavutia nondo hao. Mizizi ya desmodiamu huzichochea mbegu za kayongo kuota, kisha huzizuia kushika mizizi ya mahindi, zikafa. Hilo ndilo kubwa, kwa sababu mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10.

Usitarajie miujiza msimu wa kwanza. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo mno, kwa hiyo mimi huichanganya na mchanga laini na kuinyunyiza kwenye mfereji usio na kina. Ikichipuka hufanana na magugu, na kibarua wangu aling'oa mistari minne akidhani anapalilia. Palilia mwenyewe.

Mwanaluanda
Ahsanteni sana. Nimekwenda Maseno, na afisa wa wadi ameniunganisha na kikundi kinachokutana kila Alhamisi. Tatizo ni mama: anasema kwamba desmodiamu ikikaa katikati ya mahindi, maharagwe yake yatakwenda wapi?

Mama Nepia
Swali lake ni la haki, na ndilo lililowakatisha tamaa majirani zangu wengi. Mwambie kwamba maharagwe hupandwa katika shimo lilelile la mahindi, au kati ya shina na shina kwenye mstari uleule, nayo hustawi bila shida. Ukishindwa kumshawishi, anza na robo ya ekari na umwachie sehemu iliyobaki; akishakata nepia na desmodiamu akampa ng'ombe wake, atakuuliza mwenyewe utaongeza lini. Ila ziba ua kwanza, kwani mbuzi wa jirani hupenda desmodiamu kuliko ng'ombe.

Mwanaluanda
Mbuzi ni wa mama mwenyewe. Kesho nanunua waya.